Kamba ya Baba kwenye Ua wa Sipre

Mimi si mtu wa kulia harusini. Kawaida nakaa na wanawake wa rika langu, tunakula, tunaisema keki, tunamsema na aliyeipamba, kisha tunarudi nyumbani salama. Lakini juzi hapa, kwenye harusi ya binti wa jirani yangu Bujumbura, vijana walikuwa wamejenga tao la matawi mabichi ya sipre mlangoni mwa ukumbi, na harufu yake ikanikuta nikiwa bado barabarani. Nilisimama. Mwenzangu akanivuta mkono akasema tutakosa viti. Nikamwambia atangulie, nami nikazunguka nikaingia kwa mlango wa wapishi. Nilipokaa mezani macho yalikuwa yameshajaa, na wanawake wenzangu wakanihurumia wakidhani naikumbuka siku yangu mwenyewe. Niliwaacha wadhani hivyo, maana maelezo yangekuwa marefu.

Nyinyi mliokulia Rumonge mnajua kwamba harufu ile si ya kwetu. Kwetu ni mawese yanayochemka, harufu inateremka na upepo kutoka upande wa Kizuka, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa mchangani hadi nguo za shule zinanuka ndagala. Sipre ni mti wa milimani, wa watu wanaolala na blanketi mbili. Mjini kwetu harufu ya sipre ilikuwa ya mtu mmoja, naye alikuwa baba yangu. Aliingia nayo nyumbani kila alipotoka kazini nyumbani kwa Bibi Salma, kwenye mikono, kwenye shati, hata kwenye nywele, na Mama alikuwa akimwambia aoge kabla hajashika mtoto. Mtoto huyo ni mimi, na nilikuwa namkimbilia kabla hajaoga.

Kazi ya Baba ilikuwa kutunza miti na nyua za majumbani. Watu wengine wanadhani kazi hiyo ni kukata tu. Baba alikuwa na makasi makubwa ya kushikwa kwa mikono miwili, msumeno mdogo, jiwe la kunolea, na kichupa cha mafuta ya taa cha kufutia makasi kila alipotoka kwenye mti mgonjwa kwenda kwenye mzima. Alipogoa milimau ya watu, alifunga bugenvilia zilizolala ukutani, alikata matawi ya mivoka, yaani miparachichi, yaliyokuwa yakikwaruza mabati, alipaka mashina chokaa. Kabla ya kugusa ua wowote aliuzunguka kwanza akifunua majani polepole, anatafuta viota. Akikuta kiota chenye makinda, anaacha sehemu hiyo na kurudi wiki nyingine, na mwenye nyumba akinuna, basi anune. Akimaliza, anarudi nyuma hadi katikati ya barabara, anafumba jicho moja, anatazama kama mstari umenyooka. Wenye magari walimpigia honi, naye aliwapungia mkono bila kugeuka.

Bibi Salma alikuwa mjane wa mwenye duka la vitambaa, wa zile familia zenye asili ya Omani zilizokaa Rumonge hadi zikawa sehemu ya mji. Nyumba yake ilikuwa kati ya barabara na ziwa, na alitaka ua utakaomficha pande zote, maana alikuwa mwanamke wa kukaa uani siku nzima na hakutaka kutazamwa na wapita njia. Baba alimpandia sipre. Miche aliiteremsha kutoka Bururi, milimani, kwa baiskeli, ndani ya makopo ya maziwa, na mjini walimcheka wakasema mti wa baridi hautaishi huku chini. Aliikinga jua kwa makuti ya michikichi, akaimwagilia kiangazi baada ya kiangazi. Nilipozaliwa ua ulikuwa umeshampita mtu kimo, kijani cheusi, umeshikana hata kuku hapenyi. Watu walimwita Baba Sipre na jina lake halisi likabaki kwenye karata yake ya kitambulisho.

Sipre ina sheria moja ambayo niliijua kabla sijajua kusoma. Kijani chake kiko nje tu, kama unene wa mkono. Ndani ni kahawia, vijiti vikavu. Ukiikata ukabaki kwenye kijani, inafunga tena. Ukichelewa, ikakua sana, ndani kunakosa jua na ile kahawia inasogea nje. Siku utakayokata kurudisha kimo, utafika kwenye vijiti, na hapo haioti tena, utabaki na tundu mpaka mwisho wa mti. Kwa hiyo ua wa sipre haungoji, una zamu yake.

Ili akate sawasawa, Baba alivuta kamba juu ya ua kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa uzi mweusi wa nailoni, wa kushonea nyavu za ndagala. Zamani, kabla sijazaliwa, Mama ndiye alikuwa akishika upande wa pili wa kamba ile na kumwambia juu kidogo, chini kidogo, na aliyajua mambo ya ua kama yeye. Jioni kazi ikiisha, hata ikiisha nusu, Baba alifungua kamba akaizungusha kwenye kijiti na kukitia mfukoni. Alisema kamba ikilala nje umande unailegeza, na asubuhi inakudanganya. Mimi sikuwahi kuona kamba ya Baba imelala nje.

Isipokuwa siku ile. Alirudi mapema, jua halijatua, akajilaza kwenye mkeka barazani na viatu vyake miguuni. Mama akatoka jikoni.

"Umemaliza?"

"Nimefika kwenye lango tu. Kichwa inaniuma, Mama Zaina. Ile ingine nitamaliza kesho."

"Na kamba?"

"Nimeiacha. Kesho naanza palepale."

Mama akalowesha kitambaa akakiweka kwenye paji la uso wake, kisha akainama kumvua viatu. Naikumbuka sura ya Mama wakati ule kwa sababu alipofungua kamba za viatu alisita kidogo, kama anayeifikiria ile iliyobaki nje, akanitazama, kisha akaendelea.

Ilikuwa homa, nayo ilimpanda kichwani. Alfajiri walimpeleka hospitali kwa pikipiki, amekaa wima katikati ya dereva na mjomba wangu, na alipopita mbele yangu alisema, "Nakuja." Ijumaa haikumkuta hai. Nyumba ikajaa wanawake, mikeka ikatandikwa, mtu akanivalisha gauni lililonibana. Nyuma ya pazia wanaume walikuwa na kazi yao ya maji ambayo sikuruhusiwa kuiona. Kisha jeneza likatoka, limefunikwa kitambaa cha kijani, na wanaume wote wakaondoka nalo haraka haraka. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Sisi tulibaki barazani tukisikiliza sauti zao zikiishia njiani.

Niliambiwa Baba amekufa, na niliitikia, maana nilikuwa mtoto mwenye adabu. Lakini Baba niliyemjua mimi alikuwa ameondoka kwa pikipiki, amekaa wima, na amesema anakuja. Kile kilichotoka nyumbani kilikuwa kimelala, na sikuona uso wake. Na zaidi ya yote kulikuwa na kamba. Msiba ulipopungua nikaanza tena kwenda shule, njia inapita kwa Bibi Salma, na nikaiona. Nusu ya ua, kutoka kona ya barabara hadi langoni, ilikuwa imekatwa safi. Nusu ya pili, kutoka langoni hadi kwenye mlimau upande wa ziwa, ilikuwa na vishungi vimesimama ovyo, na juu yake kamba nyeusi imevutwa, imefungwa kwenye chuma cha lango kwa fundo la Baba. Nililigusa. Hapo nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Mtu asiyerudi angeichukua kamba yake. Baba hakuwahi kuacha kazi nusu kwa mtu yeyote, na watu wazima wote wa Rumonge walikuwa hawajaifikiria habari hii vizuri.

Mama alikuwa ndani, amekaa eda. Wasomaji wangu wengi wanaijua, lakini kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku zake, haendi sokoni, haendi harusini, hajipaki manukato, havai nguo ya kumetameta, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake akija na neno analisemea nje ya mlango. Mama aliifuata eda yake yote. Mimi nikawa miguu yake. Na kila niliporudi shuleni, kabla hajaniuliza nimesoma nini, aliuliza habari ya sipre.

"Umepita kwa Bibi Salma?"

"Nimepita."

"Ile sipre iko namna gani?"

"Iko vile vile."

"Kamba inaonekana?"

"Inaonekana, Mama."

Alishusha pumzi, kisha akanipa chakula. Nilifurahi mno, sasa naweza kusema hivyo. Nilijua kwamba tuko wawili. Nyumba nzima ilikuwa inasoma hitima na kumwombea marehemu, lakini Mama na mimi tulikuwa tunamngoja mtu, na alama yetu ilikuwa kamba. Sikumuuliza, kwa sababu mambo kama hayo hayaulizwi, unaweza kuyaharibu.

Mvua zilikuja. Sipre ikapata nguvu, na siku moja nikakuta kamba imezama. Ule mwisho wake langoni ulionekana bado, na fundo, lakini ukiufuata kwa macho unaingia ndani ya majani na kupotea. Nilimwambia Mama. Akaacha kuchambua mchele.

"Imezama yote?"

"Yote. Mpaka kwa mulimau."

"Kesho ukipita, ingiza mukono. Funua majani, uangalie ndani. Uniambie kijani iko mpaka wapi."

Kesho yake niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, majani yakanikwaruza, nikaona kijani, halafu vijiti. Nilimwonyesha Mama kwenye mkono wangu mwenyewe, kijani kinaishia hapa. Alinishika pale nilipoonyesha, akapapima kwa vidole vyake. Tangu hapo aliniuliza hivyo mara kwa mara, na kila mara nilimwonyesha alama iliyosogea kidogo kuelekea kiwiko. Nilimwona anahuzunika, nikajua sababu. Baba alikuwa anachelewa.

Sikujua kwamba Mama alikuwa akihesabu mambo mengine kabisa. Kwake Baba na ua wake walikuwa kama miti miwili, mmoja ulikuwa umeshaanguka, na wa pili alikuwa anauona unamwendea mbali akiwa amekaa nyuma ya pazia. Nyumba nyingine zote ambazo Baba alizihudumia zilikuwa zimeshapata watu wengine, na hakuna wa kulaumiwa, miti inaota. Lakini Bibi Salma alikuwa amesema tangu matanga kwamba ile nusu isiguswe mpaka mwenyewe atoke eda. Mwenyewe aliyemkusudia ni Mama. Hili nililijua ukubwani.

Kisha akaja Khalfani, mtoto wa Bibi Salma, mwenye biashara Bujumbura. Alikuwa mtu mpole, kila akija ananiletea biskuti. Lakini alipouona ua umenyolewa upande mmoja na upande mwingine umesimama kama nywele za mtu aliyeamka, aliona haya kwa ajili ya mama yake, na nadhani hata mimi leo ningeona. Nilitoka shule nikakuta mtu na panga amesimama langoni, anapima kwa macho aanzie wapi. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya chuma cha lango, karibu na fundo.

Nilikwenda nikasimama kati yake na ua. Sikupiga kelele. Nilisema, "Hii iko na mwenyewe."

Yule mtu akacheka kidogo. "Mwenyewe iko wapi?"

"Atakuja. Ameacha kamba yake. Baba haachi kamba."

Khalfani alikuwa mlangoni, akainama akawa anatazama viatu vyake. Bibi Salma akatoka uani, mtandio haujakaa kichwani, akasimama ananitazama. Alikuwa mwanamke wa maneno, kila mtu mjini alishawahi kutaniwa naye akaondoka amenyamaza. Siku ile hakumtania mtu, aliuvuta mtandio ukakaa kichwani. Kisha akamgeukia mtu wa panga.

"Baba, murakoze, asante. Wende zako. Hapa hakuna kazi."

"Mama, sasa watu watasema nini?" Khalfani akauliza taratibu.

"Waseme. Walishaniambia sipre haitaota Rumonge." Kisha akanishika bega. "Tutamungoja, Zaina. Sawa? Nenda nyumbani, mama yako iko peke yake."

Aliniwekea tende mkononi. Nilikwenda nyumbani nimeshinda, na nusu ya tende nikamwekea Mama.

Jioni ile Bibi Salma alikuja kwetu, na hakuwa mtu wa kutembelea watu jioni. Walikaa chumbani. Nilisikia sauti yake ya chini ikilitaja jina langu, halafu nikasikia Mama analia. Alikuwa amelia siku ya msiba kama wanawake wote wanavyolia, kwa sauti, wengine wamemshika. Huku kulikuwa kulia kwingine, kwa mtu aliyejiziba mdomo na nguo. Bibi Salma alipotoka alipita mbele yangu bila kunitania, akaniaga amahoro tu, yaani amani, akaenda.

Nilidhani Mama ataniambia kitu. Hakuniambia. Alikaa na jambo lile siku nyingi, na leo mimi mwenyewe nina watoto, najua alivyokuwa akitafuta mlango wa kuingilia asiuone. Alichofanya ni kuniagiza makasi ya Baba kutoka juu ya kabati, na jiwe. Akaanza kuyanoa, kila siku kidogo, amekaa chini, jiwe kwenye maji. Aliyafuta kwa mafuta ya taa, akayafungua na kuyafunga akisikiliza mlio wake. Mimi nilikaa karibu nikatazama. Mke anamwandalia mume vyombo vyake vya kazi, sikuona ajabu yoyote.

Eda ikaisha. Wanawake walikuja wakamwogesha, wakamvalisha kitenge kipya, wakasoma dua na kula wali. Usiku Mama aliniambia, "Kesho asubuhi tunaenda kwa Bibi Salma, mimi na wewe. Tunaenda kwa ile sipre." Akaweka makasi karibu na mlango.

Alfajiri nilivaa gauni langu la Idi. Mama alipotoka chumbani na kuniona nimelivaa, na nywele nimejipaka maji mwenyewe, alisimama. Aliangalia gauni, akaniangalia mimi. Nadhani pale ndipo alipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Angeweza kuniambia nibadilishe. Alinifunga vifungo vya mgongoni ambavyo sikuvifikia, akachukua makasi, tukaenda tumeshikana mikono, na mimi ndiye niliyekuwa navuta.

Langoni hapakuwa na mtu. Niliangalia kona ya barabara, nikaenda hadi kwenye mlimau nikaangalia upande wa ziwa. Wavuvi walikuwa wanaitoa mitumbwi majini. Niliporudi, Bibi Salma alikuwa ametoa meza ya jikoni ameiweka chini ya ua, ameishikilia miguu, na Mama amepanda juu yake, kitenge kipya amekikaza kiunoni.

"Baba iko wapi?" nikauliza.

Mama akanigeukia akiwa juu pale pale. "Baba yako amekufa, Zaina. Hayuko hospitali, hayuko njiani. Walimuzika. Tunakuja kumaliza kazi yake, mimi na wewe."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, yote kwa pamoja, na kwa sauti ya kawaida. Nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu la Idi, nikawapa mgongo. Bibi Salma alitaka kuja, nikasikia Mama anamwambia aniache. Halafu nikasikia makasi. Ulikuwa mlio ninaoujua, mlio wa Baba, lakini mwendo wake ulikuwa mwingine, wa mtu anayesita kidogo kabla ya kila pigo. Majani yakaanza kuniangukia kichwani na mabegani. Harufu ikajaa mahali pote. Ndiyo ile iliyonikuta kwenye harusi ya jirani, na sasa mnajua kwa nini nilizunguka kwa wapishi.

Sikugeuka mpaka jua lilipoanza kuchoma shingo. Nilipogeuka niliona kamba. Ilikuwa imetokeza tena, nyeusi, imenyooka juu ya kijani kutoka langoni hadi kwenye mlimau. Mama alikuwa ameikata sipre mpaka pale Baba alipokuwa ameonyesha, hakushuka chini yake hata unene wa kidole. Karibu yote ilikuwa kijani. Mwishoni tu, kwenye mlimau, palibaki tundu la vijiti vya kahawia, na tundu lile halikufunga tena. Lilikuwepo nilipoolewa, lilikuwepo Bibi Salma alipofariki, hadi juzi juzi ziwa lilipopanda na kukaa ndani ya nyumba na ua ukafa wote umesimama majini.

Mama alishuka mezani. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Alirudi nyuma hadi barabarani, akafumba jicho moja, akatazama. Kisha akaniita.

"Zaina. Njoo ufungue kamba."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Tukiifungua, akija ataanzia wapi?"

Bibi Salma akageuza uso. Mama alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaanza kunitoa majani kichwani, moja moja.

"Unakumbuka siku aliyorudi mapema?" akasema. "Alilala na viatu."

Nilikumbuka.

"Alikuwa amechoka, mwanangu. Alikuwa mugonjwa. Basi tumuache apumuzike. Kazi imeisha, haiko na kitu ya kumurudisha."

Sikuwa nimewaza hilo. Muda wote ule nilikuwa nimemngoja Baba, kila siku nikipita hapo nagusa fundo lake, na katika kungoja kwangu alikuwa mzima, ana nguvu, anacheka na wenye magari. Sikuwa nimefikiri kwamba ninayemngoja ni yule wa kwenye mkeka, mwenye kitambaa kilicholowa usoni, na kwamba namtaka ainuke akafanye kazi. Niliona uchungu mkubwa kwa ajili yake, kuliko uliokuwa kwa ajili yangu.

Nilikwenda langoni. Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua na jua, kucha zangu hazikuliweza. Mama alikuwa na makasi mkononi, angelikata mara moja. Hakunipa, na mimi sikuyaomba. Nilililegeza kwa meno, mdomo ukajaa uchungu wa utomvu, hadi likaachia. Nikaenda nikafungua na la kwenye mlimau. Kisha Mama akatoa kwenye pindo la kitenge kile kijiti cha Baba, akanipa, nami nikaizungusha kamba yote, taratibu, ikae vizuri isije ikajifunga, kama alivyokuwa akifanya kila jioni alipomaliza.

"Imeisha?" Mama akauliza.

Nikamwambia imeisha. Akaweka makasi begani, akamuaga Bibi Salma, tukaenda nyumbani.